Mgeni Aliyeshika Jembe

Usiku wa Agosti 30, 2008 nilikuwa nimekaa jukwaani katika uwanja wa Docklands, Melbourne, nimevaa koti la kuazima, natazama futiboli ya Australia, mchezo nisiouelewa hata chembe. Nilikuwa na wiki ya tano mjini. Kijana mmoja wa kazini, Msudani Kusini aliyekulia kambi ya Kakuma na anayeongea Kiswahili cha kule chenye kona zake, alikuwa ameniambia, "Ndugu yangu, ukitaka kuishi hapa lazima uwe na timu. Bila timu, Jumatatu huna la kusema." Akanichagulia Hawthorn kwa kuwa ndiyo yake. Sikupewa nafasi ya kukata rufaa.

Mara jamaa mmoja mrefu mwenye namba 23 mgongoni akapiga mpira kwa mguu wa kushoto, ukapita katikati ya milingoti, na watu wakaanza kuruka uzio. Nilikotoka mimi, ukiona watu wanaingia uwanjani mbio, unatafuta geti. Nikasimama. Mwenzangu akanivuta nikae: "Tulia, wanamsalimia tu." Umati wote ule ulikuwa unamsalimia Lance Franklin, ambaye alikuwa amefikisha goli lake la 100 la msimu. Upande wa pili, Brendan Fevola wa Carlton naye alikuwa anaikimbilia namba hiyohiyo. Akaishia 99. Moja tu! Tangu usiku ule hakuna mchezaji yeyote wa ligi aliyefika 100.

Kwa hiyo kwa haki kabisa mimi ningepaswa kuwa mtu wa Franklin, kama mwenzangu. Mtu humpenda straika aliyemkuta. Lakini miaka hii yote nimebishana na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, na nimeishia kumchagua mchezaji ambaye sikuwahi kumwona akicheza hata dakika moja. Makala hii ni ya kueleza nilivyofika huko.

Kwanza, kwa asiyeujua mchezo wenyewe. Uwanja ni wa duara lililovutwa, kila timu ina watu 18, na mpira una umbo la yai. Kila upande una milingoti minne: ukipita katikati ya ile miwili ya ndani ni goli, pointi 6, ukipita pembeni ni pointi 1 ya kukufuta machozi. Hakuna kipa wala kuotea. Na ukiudaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka umbali wa mita 15 au zaidi kabla haujagusa chini, mchezo unasimama kwa ajili yako, unapewa nafasi ya kujipanga na kupiga. Ndiyo maana kila timu huweka jitu lake mbele kabisa kazi yake ikiwa kudaka na kufunga. Huyo ndiye nitakayemwita straika, ingawa namba tisa wetu angeshangaa kuona mtu akifunga magoli 8 na mechi bado iko nusu.

Mtu wa pili ninayebishana naye ni jirani yangu. Nitamwita Mzee tu. Nilipohamia Noble Park, kitongoji cha Melbourne, jambo la kwanza aliloniuliza kupitia kwenye uzio ni kama skafu ya kahawia na njano niliyoianika ni ya kwangu. Nikasema ndiyo. Akauliza nani straika bora wa Hawthorn wa nyakati zote. Nikajibu Franklin, kwa kujiamini kabisa, kama mtoto wa darasa la pili anayejibu swali la darasa la saba. Alinitazama kwa huruma. "Kijana, hujamwona Hudson."

Naijua sauti hiyo. Baba yangu anayo. Ukimtajia straika yeyote wa leo atakuuliza alifunga mangapi dhidi ya Yanga, kwa sababu Julai 1977 Abdallah Kibadeni alifunga matatu Simba ikishinda 6–0, na kwa baba kesi ilifungwa siku ile. Ubishi wa aina hii haushindwi kwa hoja. Unashindwa kwa kusema "nilikuwepo". Mzee alikuwepo.

Peter Hudson alitoka New Norfolk, mji mdogo wa Tasmania, akavuka bahari kuja Hawthorn mwaka 1967. Klabu wakati huo ilikuwa na ubingwa mmoja tu, wa 1961, na uwanja wa nyumbani uliobanwa kati ya reli na maduka pale Glenferrie. Mzee anasema ukimwona Hudson mtaani usingemgeukia. Hakuwa na umbo la kutisha, hakuruka juu kama wengine, na upigaji wake ulikuwa wa ajabu: wakati wenzake wanaupiga mpira ubiringike kinyumenyume ili unyooke, yeye aliulaza bapa mguuni ukaenda kama sahani. Alichokuwa nacho ni kujua mpira utaangukia wapi kabla mpigaji mwenyewe hajajua. Kocha John Kennedy alimsafishia eneo la mbele, wenzake wakasogea, Hudson akabaki na beki wake na nafasi tupu. Beki wa zama zile alikuwa anaachwa peke yake na janga lake.

Angalia namba. Mwaka 1968 alifunga 125. Mwaka 1969, 120. Mwaka 1970, 146. Mwaka 1971, 150, sawasawa na rekodi ya Bob Pratt iliyokuwa imekaa tangu 1934. Kwa maisha yake yote Hawthorn ni magoli 727 katika mechi 129, wastani wa 5.64 kwa mechi, na hakuna mtu katika historia ya ligi mwenye wastani mkubwa kuliko huo.

Hiyo 150 ina kidonda ndani yake, na Mzee hukigusa kila Septemba. Hudson aliingia fainali ya 1971 dhidi ya St Kilda akihitaji magoli manne avunje rekodi. Mapema tu akapigwa kikumbo kilichomwacha na kizunguzungu, akacheza karibu mechi nzima akiwa nusu hayupo. Akafunga matatu. Rekodi ikafikiwa. Kisha akapata nafasi ambazo angezifunga akiwa amelala. Moja akampiga nayo beki aliyesimama mbele yake. Hawthorn, waliokuwa nyuma kwa pointi 20 ikianza robo ya nne na ya mwisho ya mechi, wakashinda kwa pointi 7, na aliyewaokoa hakuwa Hudson bali Bob Keddie, aliyesogezwa mbele akafunga manne katika robo hiyo. Hapo ndipo nilipomuuliza Mzee, kwa uchokozi, kama straika bora wa nyakati zote hapaswi kuwa yule aliyeshinda fainali. Hakuniongelesha siku mbili.

Mwaka uliofuata, mechi ya kwanza ya msimu pale Glenferrie dhidi ya klabu inayoitwa Melbourne kama mji wenyewe, Hudson alikuwa na magoli 8 kabla ya mapumziko. Kisha goti likakatika. Msimu ukaishia hapo, na kwa kweli Hudson yule aliishia hapo. Mwaka 1973 alirudi kwa mechi moja tu, akashushwa kwa helikopta katika uwanja wa VFL Park kama kiongozi wa nchi, akawafunga Collingwood 8 kwa goti moja. Mwaka 1974 akacheza mbili. Halafu 1977, huku akiishi Tasmania na kufanyia mazoezi hukohuko, akawa anapanda ndege kila mwisho wa wiki kuja kucheza na kurudi. Alifunga 110 kwa mtindo huo. Yaani mtu anakuja kazini kwa ndege siku moja kwa wiki na bado anakuwa mfungaji bora wa ligi nzima.

Baada ya kusimuliwa haya mara kumi hivi, jambo jingine likanigonga. Hudson alitoka Tasmania. Franklin alitoka Dowerin, nchi ya ngano ya Australia Magharibi, mtoto wa Kinoongar. Na yule wa tatu, Jason Dunstall, alitoka Coorparoo, kitongoji cha Brisbane, katika jimbo la Queensland ambako watoto huzaliwa na raga mkononi. Melbourne hujiona ndiyo Makka ya mchezo huu. Lakini klabu hii ya Melbourne, ukiwauliza mashabiki wakutajie mastraika watatu wakubwa, hakuna hata mmoja mzaliwa wa Victoria, jimbo lenyewe la Melbourne. Wote watu wa kuja. Kama mimi, kama kijana wa Kakuma.

Nikamtafsiria Mzee methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Alicheka sana, akaiandika kwenye karatasi ya risiti. Sasa huisema kwa lafudhi inayoumiza masikio.

Lakini methali ya wageni haipo moja. Kuna ile nyingine ya siku mbili na jembe, na hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa Dunstall.

Noble Park haiko mbali na Waverley, na uwanja wa VFL Park, ulioitwa baadaye Waverley Park, umekuwa mtaa wa nyumba. Waliacha jukwaa moja na eneo la kuchezea, nyumba zikajengwa kuzunguka. Ukipita jioni unaona watu wanaanika nguo mahali ambapo zamani palikuwa na maelfu ya mashabiki wakilowa mvua. Hapo, mwaka 1992, Dunstall aliwafunga Richmond magoli 17 katika mechi moja. Rekodi ya ligi ni 18, ya Fred Fanning, na imekaa tangu 1947. Huwa napunguza mwendo nikipita. Mke wangu anasema nina wazimu.

Dunstall aliingia Hawthorn mwaka 1985, katikati ya kipindi ambacho klabu ilicheza fainali saba mfululizo, 1983 hadi 1989. Watu wa Hudson hulitumia jambo hili kumpunguza: alikuta karamu imeshaandaliwa. Ni kweli kwamba nyuma yake kulikuwa na John Platten akichimba mpira kutoka miguuni mwa watu, na Dermott Brereton pembeni yake akichukua mapigo yote yaliyopaswa kugawanywa kwa watu wawili. Katika fainali ya 1989 Brereton aligongwa mpira ulipoanza tu, mbavu zikavunjika, akatapika uwanjani, akakataa kutoka, na muda mfupi baadaye akadaka na kufunga. Mtu mwenye mwenzake wa namna hiyo ana bahati, sibishi.

Lakini wapo watu wengi wanaokaribishwa kwenye karamu na kazi yao ni kula. Dunstall alikuwa mnene kidogo kwa kuangalia, mapaja mazito, si mtu ambaye ungempa picha ya ukutani. Nimetazama mikanda yake ya zamani mpaka usiku wa manane, na kinachonivutia si magoli. Ni kinachotokea mpira ukimpita. Straika wa zama zile, beki akiuchukua mpira, alikuwa amemaliza shughuli. Alisimama mikono kiunoni kusubiri mpira mwingine. Dunstall alimkimbiza beki yule. Alimvaa, akamwangusha, mara nyingine akampokonya. Mtu mwenye magoli 130 kwa msimu anamkimbiza beki kama mtoto wa shule aliyekuja kujaribiwa! Leo kila straika anatakiwa kufanya hivyo na makocha wana takwimu zake. Miaka ile ilikuwa kama kumwona bwana harusi anaosha sufuria.

Alifunga 132 mwaka 1988, 138 mwaka 1989, 145 mwaka 1992. Mara sita alivuka 100. Jumla ni 1,254 katika mechi 269, na katika historia nzima ya ligi wanaomzidi ni wawili tu, Tony Lockett na Gordon Coventry. Fainali? Sita dhidi ya Carlton 1986. Saba dhidi ya Melbourne 1988, siku ambayo Hawthorn walishinda kwa pointi 96. Sita dhidi ya West Coast 1991. Ana medali nne za ubingwa. Hapo ndipo Mzee huanza kuangalia saa yake.

Kuna hoja ya zama, nayo ni ya kweli, siwezi kuikwepa. Magoli ya 1970 si magoli ya 2008, kama shilingi ya 1970 isivyo shilingi ya leo. Mwaka 1970 Hudson alipofunga 146, Peter McKenna wa Collingwood alikuwa na 143 na Alex Jesaulenko wa Carlton 115. Mwaka mmoja kabla, ligi ilikuwa imeweka sheria kwamba ukipiga mpira ukatoka nje bila kugusa chini, wapinzani wanapewa. Timu zikaacha kujificha pembeni, mpira ukapita katikati, mastraika wakanenepa. Dunstall naye alikuwa na majirani: mwaka 1993 alifunga 123 akawa wa tatu, nyuma ya Tony Modra mwenye 129 na Gary Ablett mwenye 124. Hebu fikiria, 123 na wewe ni wa tatu.

Kisha makocha wakaharibu shamba. Sisemi kwa ubaya, wao ndiyo kazi yao. Waligundua kwamba hakuna sheria inayowalazimu mabeki kubaki mmoja kwa mmoja, wakaanza kurudisha watu kumi, kumi na wawili mbele ya straika, mpira ukija unakuta soko la Kariakoo mkesha wa sikukuu. Katika mazingira hayo Franklin akafunga 113 mwaka 2008. Miaka mitano baadaye mfungaji bora wa msimu wa kawaida alikuwa Jarryd Roughead, wa Hawthorn hiyohiyo, kwa magoli 68. Kwa hiyo mwenzangu wa Kakuma akiniambia 113 za Franklin ni nzito kuliko 138 za Dunstall, siwezi kumwita mwongo. Huenda ni nzito kweli.

Na Franklin hakuwa tu mdakaji. Hapo ndipo alipotofautiana na wale wengine wawili. Mwaka 2010 dhidi ya Essendon pale MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, aliuchukua mpira pembeni kabisa, akakimbia nao kando ya mstari beki akimfukuza kwa nguvu zote, mtu wa karibu mita mbili anakimbia kama winga, na akafunga kutoka pembe ambayo huwezi kuiona goli vizuri. Nilikuwa nimesimama na chipsi mkononi. Sikumbuki zilikwenda wapi. Hudson asingefunga lile, Dunstall asingefunga lile, wala wasingekuwa kule. Mwaka 2007, akiwa na miaka ishirini, alifunga 7 katika mechi ya mtoano dhidi ya Adelaide, la mwisho likiwa ndilo lililoipa Hawthorn ushindi wa pointi 3. Mwaka 2012 aliwafunga North Melbourne 13 kule Launceston, Tasmania, ambako Hawthorn huenda kucheza baadhi ya mechi za nyumbani. Mzee anapenda kunikumbusha kwamba hata Franklin alilazimika kwenda kwa kina Hudson ili afunge vizuri.

Kasoro yake ilikuwa mguu uleule uliomfanya awe yeye. Alikuwa anajipanga kupiga kwa kuzunguka upande wa kushoto, kama anayezunguka dimbwi, na ukiwa shabiki ulikuwa huangalii, unasali. Msimu ule wa magoli 113 ulikuwa pia na zaidi ya 80 zilizopita pembeni kwa pointi moja-moja. Hudson asingelala usiku.

Halafu akaondoka. Mwisho wa 2013, baada ya ubingwa wake wa pili, alisaini Sydney: miaka tisa, dola milioni 10. Hawthorn alikuwa ameacha magoli 580 katika mechi 182. Mwenzangu wa kazini aliiweka jezi yake kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, hakuitupa, hakuivaa. Fainali ya 2014 Franklin alirudi MCG na jezi nyekundu na nyeupe, na Hawthorn wakawafunga Sydney kwa pointi 63. Nilidhani mwenzangu angefurahi. Alishangilia timu, kisha akakaa kimya kwenye treni mpaka Dandenong. Goli la 1,000 la Franklin lilikuja Machi 2022 kule Sydney, na watu wakajaa tena uwanjani kumsalimia. Tuliangalia kwenye simu, jezi ikiwa bado juu ya kabati.

Sasa kuhusu Roughead, ambaye ubishi wetu humwonea kila mara. Yeye na Franklin walichukuliwa siku moja mwaka 2004, katika zoezi la klabu kuchagua vijana wapya kwa zamu, yeye wa pili, Franklin wa tano. Alimaliza na magoli 578, mawili pungufu ya yale Franklin aliyoifungia Hawthorn, ingawa ilimchukua mechi 283. Ana ubingwa mara nne dhidi ya miwili ya mwenzake. Mwaka 2016 aliambiwa saratani ya ngozi imeingia kwenye mapafu. Mwaka 2017 akarudi uwanjani akiwa nahodha. Mechi yake ya mwisho, 2019 dhidi ya Gold Coast, alifunga sita. Yeye ni mzaliwa wa Leongatha, Victoria hapahapa, na labda ndiyo sababu hatumwimbi. Mwenyeji hupewa sahani ya mwisho.

Narudi kwenye jembe. Mwaka 1996 Hawthorn ilikuwa imefilisika karibu na kufa. Ligi ilitaka timu zipungue Melbourne, na mpango ukawekwa mezani iunganishwe na klabu ya Melbourne, jina jipya likiwa tayari limeshatungwa. Mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, kwa kejeli ya ratiba, ilikuwa Hawthorn dhidi ya Melbourne. Dunstall, nahodha, umri umeshasogea, aliingia akiwa na magoli 90. Akafunga 10. Hawthorn wakashinda kwa pointi 1. Wiki chache baadaye wanachama wakakutana, nahodha wa zamani Don Scott akasimama mbele ya ukumbi na jezi ya timu hiyo mpya akaibandua nembo mbele ya macho yao kuonyesha kitakachobaki ni cha nani, na wanachama wa Hawthorn wakakataa. Klabu ninayoishabikia ipo kwa sababu ya jioni ile. Siwezi kusema magoli kumi yaliamua kura. Ila najua mtu anayetoka kutazama kitu kama kile hana moyo wa kukiuza.

Dunstall hakwenda popote. Alicheza mpaka 1998 kwa klabu ileile. Mwaka 2004, timu ikiwa taabani tena, alikaa ofisini kama mtendaji mkuu wa muda, akashiriki kumtafuta kocha, wakampata Alastair Clarkson. Mwaka huohuo ndipo walipochaguliwa Roughead na Franklin. Mgeni wa zamani amefika hadi kufungua mlango kwa mgeni mpya. Hapo ndipo mizani yangu ilipolala. Hudson alikuwa na wastani ambao hautafikiwa. Franklin alikuwa na uzuri ambao hautarudiwa. Lakini mmoja alirudi kwao Tasmania na mwingine alikwenda Sydney, na mimi, mtu wa kuja niliyeamua kubaki, ninamwelewa zaidi aliyebaki. Najua hicho si kigezo cha mpira. Nani alisema ni cha mpira?

Safu ya mbele ya sasa ina Mabior Chol, mwenye asili ya Sudan Kusini, aliyekulia Queensland kama Dunstall alivyotoka Queensland. Mwenzangu ameshanunua jezi mpya. Ile ya 23 ameishusha kabatini, amempa mtoto wake.

Juzi nilimpeleka Mzee Glenferrie, maana haendeshi tena. Jukwaa la zamani bado lipo, lile la matofali linaloitwa kwa jina la mchezaji wa zamani Michael Tuck, na treni bado zinapita karibu sana hivi kwamba ungeweza kumsalimia abiria. Uwanja ni mwembamba kuliko nilivyowaza. Mpira mmoja mrefu na umeshafika kwa Hudson. Tulikaa na chupa ya chai. Nikamwambia ile methali ya pili, ya mgeni siku mbili na ya tatu mpe jembe, nikaieleza pole pole, na nikaeleza kwa nini kwangu ni Dunstall. Nilikuwa nimeiandaa hotuba hii wiki nzima.

Alinyamaza akiangalia upande mmoja wa uwanja, palipo milingoti.

"Alikuwa na nane," akasema. "Kabla ya mapumziko. Pale." Akanyoosha kidole mahali ambapo mtoto mmoja alikuwa anamrushia mbwa mpira wa tenisi.

Treni ikapita. Akasubiri kelele iishe.

"Hiyo methali yako. Mgeni akivunjika goti siku ya pili, mnafanyaje?"

Sikuwa na jibu. Nikammiminia chai iliyobaki.